Haki ya Kusema na Kuamua katika Nyumba za Wazee za Marekani

Kanuni za serikali kuu ya Marekani zinazosimamia nyumba za uuguzi wa wazee zina kifungu kinachohusu simu. Kinataka mkazi awe na simu anayoweza kuifikia, na mahali pa kuongea ambapo mtu mwingine hasikii. Akitaka kuwa na simu yake ya mkononi, anayo haki hiyo kwa gharama yake. Barua zake zimfikie bila kufunguliwa, na akitaka kuandika apate karatasi, bahasha na stempu, hata kama atazilipia mwenyewe. Nyumba ikiwa na intaneti, naye aitumie kwa barua pepe au kwa mazungumzo ya video.

Asiyewahi kuingia ndani ya nyumba hizo anaweza kujiuliza sheria ya nchi inashughulikaje na bahasha na stempu. Anayezijua hajiulizi. Mkazi wa nyumba ya uuguzi huamshwa, huogeshwa, hulishwa na hulazwa na mikono ya watu wengine, na mara nyingi hafiki mlangoni mpaka asukumwe kwenye kiti cha magurudumu. Simu ikiwa juu ya meza ya wauguzi, kila apitaye anasikia, atamwelezaje binti yake kwamba jana usiku alibonyeza kengele na hakuja mtu? Hakuna aliyemkataza kusema. Amenyamazishwa na mahali simu ilipowekwa.

Ndiyo maana haki ya kuwasiliana na haki ya kuamua haziachani. Mtu asiyesikika huamuliwa mambo yake, na siku zikipita hao hao wanaomwamulia huanza kusema kwamba hana uwezo wa kuamua. Marekani, yenye nyumba za uuguzi zipatazo 15,000 na wakazi zaidi ya milioni moja ndani yake, imeyaandika mambo haya kisheria kwa undani mkubwa. Utekelezaji wake una matundu mengi, lakini maandishi yenyewe yanastahili kusomwa na yeyote mwenye mzazi.

Sheria ilivyopatikana

Nyumba hizi ziliongezeka upesi baada ya 1965, mwaka Bunge la nchi hiyo lilipoanzisha Medicare, bima ya afya ya wazee, na Medicaid, mpango wa matibabu kwa watu wa kipato kidogo. Fedha za umma zilitangulia, usimamizi ukafuata nyuma kwa mbali. Katika miaka ya 1970 habari za wazee waliofungwa kwenye viti, waliolazwa kwa dawa au waliochukuliwa fedha zao zilijaa magazetini na mbele ya kamati za Bunge.

Mwaka 1975 mwanaharakati Elma Holder alianzisha muungano wa kitaifa wa raia wanaodai mageuzi. Miaka 10 baadaye muungano huo ulifanya jambo ambalo wataalamu hawakuwa wamezoea kulifanya: uliwauliza wakazi wenyewe. Wazee zaidi ya 400 katika miji 15 waliketi wakaeleza wanachokiita huduma njema. Walizungumzia tabia ya wanaowahudumia, kuheshimiwa, na kuachiwa nafasi ya kuchagua. Mwaka uliofuata, 1986, kamati ya Taasisi ya Tiba ya Marekani, ikiongozwa na Dkt. Sidney Katz, ilitoa ripoti nzito iliyotaka viwango vipya vya kitaifa. Desemba 1987 Rais Ronald Reagan akatia saini sheria ya mageuzi ya nyumba za uuguzi, iliyokuwa imefungwa ndani ya sheria kubwa ya bajeti.

Sheria hiyo ya mageuzi inaibana kila nyumba inayopokea fedha za Medicare au Medicaid, yaani karibu zote. Kiini chake ni kwamba mkazi asaidiwe kufikia na kudumisha hali bora kabisa anayoweza kuwa nayo kimwili, kiakili na kijamii, na kwamba anapoingia mlangoni anabaki raia mwenye haki zote alizokuwa nazo nje. Kanuni zake zilifanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2016, na maandishi ya sasa ndiyo yanayotaja simu za mkononi na video.

Soksi, bluu, kitanda

Ndani ya siku 14 tangu mzee aingie, nyumba inatakiwa iwe imekamilisha tathmini yake. Sehemu mojawapo ya tathmini hiyo ni mahojiano mafupi ya kumbukumbu. Mhojaji humtamkia maneno matatu, soksi, bluu na kitanda, na kumtaka ayarudie. Kisha humuuliza mwaka gani huu, mwezi gani, leo ni siku gani ya wiki, halafu humrudisha kwenye yale maneno matatu aone kama bado anayakumbuka. Alama ni 0 hadi 15. Kuanzia 13 hadi 15, akili inahesabiwa kuwa timamu. Kuanzia 7 kushuka chini, mzee anaandikwa kuwa amedhoofika vibaya.

Sasa mtazame bibi aliyehojiwa asubuhi, kifaa chake cha kusikia kikiwa bado kwenye kisahani kando ya kitanda, au kikiwa sikioni lakini betri imekwisha. Mhojaji ana wengine watano wanaomsubiri, anasema haraka huku ameinamia karatasi. Bibi anasikia mngurumo tu, anatabasamu kwa adabu, anajibu alichodhani ameulizwa. Anapata 6. Alama hiyo inaingia kwenye jalada, na kuanzia hapo kila anayelifungua anamsoma kama mtu asiyejitambua. Daktari anaongea na mwanawe. Muuguzi anamuuliza mwanawe kama mama atapenda supu.

Mwongozo wa tathmini yenyewe umeliona hilo. Unamtaka mhojaji ahakikishe mzee anasikia, aketi mahali penye mwanga ili uso wake uonekane, atumie kadi za maandishi pakihitajika, na amlete mkalimani kama lugha si moja. Kanuni nazo zinaitaka nyumba imsaidie mkazi kupata miwani na vifaa vya kusikia, ikiwa ni pamoja na kupanga miadi ya kliniki na usafiri wa kwenda huko. Lakini betri hubadilishwa na mtu, na mtu huyo ni muuguzi msaidizi mwenye wakazi wengi wa kuwahudumia kwa zamu moja. Kwa maoni yangu, kama familia ina jambo moja tu la kukagua kila inapomtembelea mzee wake, na iwe hilo la kifaa cha kusikia. Hapo ndipo mengine yote yanapoanzia.

Lugha ni mlango wa pili. Kanuni zinasema mkazi aelezwe hali ya afya yake kwa lugha anayoielewa. Jambo hili lina uzito wa pekee kwa wenye demensia, kwa sababu lugha iliyojifunzwa ukubwani mara nyingi ndiyo hutangulia kuondoka, na ile ya utotoni hubaki. Mhamiaji aliyefanya kazi kwa Kiingereza miaka 40 anaweza kuamka siku moja akawa anajibu kwa lugha ya mama yake pekee. Asiyejua kisa chake atadhani anaropoka.

Kanuni za afya za serikali kuu zinazopinga ubaguzi zinataka pawepo mkalimani aliyefunzwa, tena zinazuia kuwategemea ndugu kwa kazi hiyo, hasa watoto wadogo, isipokuwa kwa masharti maalumu. Wengi wetu tungeona hilo ni dharau kwa familia. Si dharau. Mwana anayemtafsiria mama yake hulimeza neno saratani. Husema "daktari anasema upumzike" pale daktari alipouliza kama mama anataka upasuaji. Anafanya hivyo kwa mapenzi, na kwa mapenzi hayo hayo amemnyang'anya mama uamuzi mkubwa kuliko yote aliyobakiwa nayo.

Mlango ulipofungwa

Mwishoni mwa Februari 2020, nyumba moja ya uuguzi mjini Kirkland, jimbo la Washington, ilikuwa ya kwanza nchini humo kukumbwa na mlipuko mkubwa wa UVIKO-19. Tarehe 13 Machi serikali kuu ikaagiza nyumba zote zizuie wageni, isipokuwa kwa hali za huruma kama mtu anapokata roho. Agizo lilitoka kwa nia ya kuokoa maisha, na hatari ilikuwa ya kweli: kabla gonjwa halijapungua nguvu, wakazi zaidi ya 150,000 wa nyumba hizo walikuwa wamekufa kwa virusi hivyo.

Lakini mgeni wa nyumba ya uuguzi hamtazami mzee tu na kuondoka. Mke aliyezoea kuja kila adhuhuri ndiye anayejua kwamba mumewe anakula akishikiwa kijiko upande wa kushoto, ndiye anayeelewa mkono ukipapasa shuka maana yake ni maumivu. Kwa mgonjwa ambaye maneno yamemwishia, mtu wa namna hiyo ndiye njia yake ya mawasiliano. Kumfungia nje ni kumkata mgonjwa ulimi. Miezi ikapita familia zikisimama bustanini na kuweka viganja vyao kwenye vioo vya madirisha, wengine wakionana kwa tableti iliyoshikwa na mfanyakazi mwenye haraka, mbele ya mzee asiyejua sauti inatoka wapi.

Masharti yalianza kulegezwa Septemba 2020, yakalegezwa zaidi Machi 2021 baada ya chanjo, na Novemba 12, 2021 serikali ikatamka kwamba kila mkazi apokee wageni wakati wote. Mwezi huo huo wapigakura wa Texas waliingiza kwenye katiba ya jimbo lao haki ya mkazi kumteua mtu wake wa karibu ambaye hawezi kuzuiwa kumwona ana kwa ana. Ni hatua kubwa, kwa sababu aliyepewa haki ya kuteua ni mkazi. Anaweza kumteua binti, jirani wa zamani, au rafiki wa kanisani, na asimteue yule ambaye wengine wangemdhania.

Na haki ya kupokea wageni ina upande wake wa pili, unaosahaulika: haki ya kuwakataa. Mzee akisema hataki kumwona mpwa wake, mpwa hana njia ya kupitia, hata awe ndiye anayelipa bili.

Nani aamue

Msingi wa sheria ni kwamba mtu mzima anahesabiwa ana uwezo wa kuamua mambo yake mpaka ithibitike vinginevyo. Alama ya mahojiano ya kumbukumbu si hukumu. Uwezo hupimwa kwa uamuzi husika: mtu anaweza kushindwa kuelewa mkataba wa kuuza nyumba, akawa anajua vizuri kabisa ni nani angependa amsemee kwa daktari, na anajua bila shaka yoyote kwamba hataki kuogeshwa saa kumi na moja alfajiri.

Mkazi anaweza kumchagua mwakilishi na kumkabidhi baadhi ya haki zake kwa hati ya uwakilishi. Hapo kanuni ziko wazi: mwakilishi anabeba zile tu alizokabidhiwa, na ambazo hazikukabidhiwa zinabaki kwa mkazi. Mzazi aliyempa mwanawe mamlaka ya kusimamia akaunti ya benki hakumpa mamlaka ya kumchagulia chumba. Mtoto si msemaji wa mzazi kwa kuzaliwa tu. Majimbo mengi yana sheria inayotaja jamaa watakaoamua kuhusu tiba iwapo mgonjwa hawezi kabisa, lakini akiwa anaweza hawana nafasi hiyo.

Hapa ndipo msomaji wa Kiswahili anapokunja uso, na ana sababu. Kwetu mzazi akiugua, ukoo hukaa kikao. Wakubwa huongea, mtoto wa kwanza hutoa uamuzi, mgonjwa huletewa taarifa, wakati mwingine haletewi kabisa. Kikao kina wema mwingi ndani yake: gharama hubebwa na wote, lawama hazimwangukii mmoja. Sheria ya Marekani haikizuii. Mkazi akitaka wanawe wote wakae na kuamua, huo nao ni uamuzi wake, na nyumba inapaswa kuuheshimu. Isichokubali sheria ni kikao kufanyika huku mwenye mwili hajaulizwa.

Tangu Desemba 1991 hospitali na nyumba za uuguzi zinatakiwa kumweleza kila anayeingia kwamba anaweza kuandika maagizo ya awali ya tiba: afanyiwe nini na asifanyiwe nini siku ambayo hataweza kusema. Sheria inayotaka hivyo ilipitishwa 1990, mwaka Mahakama ya Juu ya Marekani ilipotoa hukumu katika kesi ya Cruzan, kuhusu mwanamke wa Missouri aliyekuwa hana fahamu kwa miaka huku wazazi wake wakiomba mrija wa chakula uondolewe. Missouri iliruhusiwa kudai ushahidi ulio wazi wa matakwa yake mwenyewe. Wengi walijifunza kwa kesi ile kwamba matakwa yasiyoandikwa yanaweza kuangukia mikononi mwa majaji.

Palipo pagumu zaidi ni pale mahakama ya jimbo inapomteulia mtu mlezi wa kisheria. Amri moja inaweza kumwondolea mzee haki ya kuchagua anakoishi, kusimamia mali yake, na katika baadhi ya majimbo hata kupiga kura. Waliolifikiria jambo hili wamekuja na njia nyingine, ya kuamua kwa kusaidiwa: mtu anabaki mwenye uamuzi, ila anaandikisha watu anaowaamini wamsaidie kuelewa, kulinganisha na kueleza. Texas ilikuwa jimbo la kwanza kuitungia sheria, mwaka 2015, na mengine yamefuata. Hata pale mlezi alipokwisha kuteuliwa, kanuni za nyumba za uuguzi zinasema matakwa ya mkazi yazingatiwe, na ashirikishwe katika kupanga huduma yake kadiri inavyowezekana.

Kikombe cha chai

Mara nyingi ugomvi wa haki ya kuamua hauhusu mirija wala upasuaji. Unahusu chai. Mtu aliyepata kiharusi anaweza kupata shida ya kumeza. Kioevu chepesi humteremkia kwenye njia ya hewa na kumletea nimonia. Mtaalamu anashauri kila kinywaji chake kitiwe unga wa kukiongezea uzito. Chai inakuwa nzito kama uji mwepesi, haina harufu yake, inang'ang'ania kinywani. Mzee anaonja mara moja, anasukuma kikombe. Anasema anataka chai yenyewe, na kama itamuua basi imuue.

Nyumba nyingi hapo huogopa: zinaogopa kesi, zinaogopa wakaguzi, na wauguzi wanaogopa kumwona mtu akipaliwa mbele yao. Njia nyepesi ni kumnyima na kuandika kwamba ni mkaidi. Sheria inaelekeza njia ndefu zaidi. Aelezwe hatari kwa maneno anayoyaelewa. Atafutiwe namna nyingine, kama kunywa akiwa ameketi wima, kwa funda ndogo, na mtu akiwa karibu. Akishaelewa na bado anakataa, kukataa kwake kuandikwe kama uamuzi, mpango wa huduma ubadilishwe uendane nao, na suala lirudiwe baada ya muda kwa sababu binadamu hubadili mawazo. Kumwacha mtu ajichagulie hatari yake ni jambo gumu kwa anayempenda. Nadhani ni sehemu ya heshima ambayo wengi wetu tumekuwa wagumu kuwapa wazee.

Kanuni zinataja pia saa ya kulala na kuamka, nguo, shughuli za siku na daktari wa kumtibu kuwa mambo ya mkazi kujichagulia. Mume na mke wanaoishi nyumba moja wanayo haki ya kukaa chumba kimoja wote wakikubali.

Kuna utafiti wa zamani unaotajwa kila mara katika mjadala huu. Mwaka 1976 wanasaikolojia Ellen Langer na Judith Rodin walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya katika nyumba moja ya Connecticut. Wakazi wa ghorofa moja waliambiwa wajipangie mambo yao, wakachagua mmea wa kuutunza wenyewe na siku ya kutazama filamu. Wa ghorofa nyingine walipewa mmea ambao muuguzi angeumwagilia, wakapangiwa na siku ya filamu. Baada ya miezi 18, kati ya 47 wa kundi la kwanza walikuwa wamekufa 7. Kati ya 44 wa kundi la pili, 13. Makundi yalikuwa madogo, na hesabu za vifo zilikuja kusahihishwa kwa kuwa zilionyesha uhakika mkubwa kuliko ulivyokuwa, hivyo si busara kujengea nadharia nzima juu yake. Hata hivyo, tofauti ya uchangamfu iliyoonekana katika wiki chache za kwanza inatosha kumfanya mwenye nyumba ya wazee afikirie upya ni nani anayemwagilia maua.

Dawa zinazonyamazisha

Njia ya siri kuliko zote ya kumwondolea mtu usemi ni kidonge. Sheria ya 1987 inakataza kumzuia mkazi kwa mikanda au kwa dawa ili kumwadhibu au kuwarahisishia wafanyakazi kazi. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza onyo zito kwenye dawa mpya za magonjwa ya akili kwamba zinaongeza uwezekano wa kifo kwa wazee wenye demensia. Bado zimeendelea kutumika kwa wanaopiga kelele, wanaotangatanga, wanaokataa kuogeshwa.

Kesi ya Talevski, iliyotoka Indiana, inaonyesha jinsi mambo yanavyofungamana. Kwa mujibu wa familia, mzee Talevski, aliyekuwa na demensia, aliingia katika nyumba inayomilikiwa na shirika la umma mapema 2016 akiwa anaongea, anatembea, anajilisha na kuwatambua watu wake. Baada ya miezi michache hakuweza tena kujilisha, na Kiingereza kilikuwa kimemtoka, amebakiwa na Kimasedonia cha kwao. Nyumba ikaeleza kwamba ndivyo ugonjwa unavyokwenda. Binti yake hakuridhika, akauliza orodha ya dawa, na kwa madai yao ikaonekana amekuwa akipewa dawa sita kali za akili. Daktari wa nje aliagiza zipunguzwe, na mzee akarudia kujilisha. Familia ilidai pia kwamba baadaye alihamishiwa mbali nao bila taarifa inayotakiwa kisheria.

Mzee alifariki kesi ikiwa bado haijaamuliwa, nayo ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani. Tarehe 8 Juni 2023, kwa kura 7 dhidi ya 2, katika hukumu iliyoandikwa na Jaji Ketanji Brown Jackson, mahakama ilisema haki ya kutozuiliwa kwa dawa na haki ya kupewa taarifa kabla ya kuhamishwa ni haki za mtu binafsi, na mkazi wa nyumba ya umma anaweza kuzidai mahakamani. Wenye nyumba walitaka zihesabiwe kuwa masharti ya fedha kati ya serikali kuu na jimbo, yasiyomhusu mkazi.

Kisa hicho kilifichuliwa na swali la binti mmoja. Orodha ya dawa ni haki ya mkazi na mwakilishi wake kuiona wakiiomba.

Wanaolinda

Mlinzi aliye karibu zaidi na mkazi ni ombudsmani. Mpango wake ulianza kwa majaribio mwaka 1972, na tangu marekebisho ya 1978 kila jimbo linatakiwa kuwa naye. Anaingia katika nyumba hizo, anaongea na mkazi faraghani, na hafichui jina la mlalamikaji bila idhini yake. Sharti hilo lina maana kubwa kwa mtu anayemtegemea anayemlalamikia ili ageuzwe kitandani usiku. Kazi yake ni kufuata anachotaka mkazi, hata pale yeye mwenyewe angeshauri vingine.

Wakazi wanayo pia haki ya kuwa na baraza lao. Nyumba iwape mahali pa kukutania, wafanyakazi wasihudhurie mpaka waalikwe, na malalamiko ya baraza yajibiwe. Wakaguzi wa jimbo huja bila taarifa, angalau mara moja kila miezi 15, na huwahoji wakazi bila uongozi kuwepo. Anayetakiwa kuondolewa apewe taarifa ya maandishi, kwa kawaida siku 30 kabla, kwa lugha anayoielewa, nakala iende kwa ombudsmani, naye akate rufaa akitaka.

Siku ya kuingia, familia hupewa rundo la karatasi kutia saini. Mambo mawili yajulikane. Nyumba hairuhusiwi kumlazimisha mtoto awe mdhamini wa deni la mzazi kama sharti la kumpokea. Na tangu 2019 hairuhusiwi kulazimisha mkataba wa kuacha haki ya kwenda mahakamani na kukubali msuluhishi binafsi. Aliyetia saini ana siku 30 za kujitoa.

Tundu kubwa ni idadi ya wafanyakazi. Kusikiliza kunahitaji dakika. Mwaka 2024 serikali kuu ilipitisha kiwango cha saa 3.48 za uuguzi kwa mkazi kwa siku. Aprili 2025 mahakama ya shirikisho huko Texas ikakitengua. Haki zilizobaki kwenye karatasi zinamtegemea msaidizi anayekimbia kutoka chumba hadi chumba.

Wengi wa wasaidizi hao ni watu wetu. Wakenya, Watanzania na Wakongo wamo katika nyumba hizi kuanzia Massachusetts hadi Minnesota na Texas, na sifa ya kuwaheshimu wazee wanaenda nayo. Lipo jambo moja la kujiangalia. Wawili wakimgeuza bibi wa Kimarekani kitandani huku wanaongea Kiswahili juu ya kichwa chake, bibi haelewi kama wanamsema, wanamcheka au wanamhurumia. Mwili wake uko mikononi mwao na yeye hayumo katika mazungumzo. Kumtaja jina, kumwambia "sasa tunakugeuza upande wa dirisha", kunachukua muda ule ule.

Na wazee wanaozungumza Kiswahili nao wameanza kuwa wakazi, hasa kutoka jamii za wakimbizi wa Kongo. Haki ya mkalimani ni yao pia, na haiombwi kama hisani.

Barani kwetu maandishi yapo. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 57, inawapa wazee haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii na kuishi kwa heshima. Itifaki ya Umoja wa Afrika ya Haki za Wazee, iliyopitishwa Addis Ababa Januari 2016, ilianza kutumika Novemba 2024. Ibara yake ya 11 inasema kuishi katika makao ya wazee kuwe kwa hiari. Ibara ya 5 inazitaka nchi ziwe na sheria inayotambua haki ya mzee kuamua juu ya ustawi wake bila kuingiliwa isivyofaa na mtu au chombo chochote, na haki ya kumteua amtakaye atekeleze maagizo yake. Katika makazi ya wazee kama Nunge kule Kigamboni, au Sebleni na Welezo kule Unguja, utekelezaji wa maandishi hayo unaweza kuanza kwa kumuuliza kila mzee, faraghani na kwa lugha yake, anataka nani aitwe siku atakapozidiwa, na kuandika jina analolitaja, liwe la ndugu au lisiwe.